Sugu ya Bi Sikudhani

Ipo nchi inaitwa Zinduni. Usiitafute kwenye ramani ya darasani, haimo. Aliyechora ramani ile alifika mpakani mwao, akaambiwa asubiri mgeni rasmi, akasubiri, akachoka, akaondoka. Bi Sikudhani binti Mbwego yeye aliingia. Alivyofika si hoja. Hoja ni aliyoyakuta, na sindano yake iliyobaki kidogo tu imponyoke.

Huyu Bi Sikudhani alikuwa fundi cherehani wa Muheza, mtu wa swala tano na maneno machache. Kukata alijua, kuunganisha alijua, ila matundu ya vifungo yalikuwa yamemshinda. Aliwahi kushona tundu kwenye kanzu ya bwana harusi, likatoka kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Bwana harusi alipoinama kushika mkono wa kadhi, kifungo kikachomoka, kanzu ikaachia mpaka kitovuni. Watu walicheka mpaka pilau ikapoa.

Tangu siku ile, kila alfajiri akishaswali, kabla hajabandika chai, huchukua ukanda wa marikani akashona tundu moja. Moja tu. Likitoka zuri, alhamdulillahi. Likitoka baya, alhamdulillahi, anakunja kazi anabandika chai. Miaka sita ikapita hivyo, ukanda ukawa mrefu ameuviringisha kama bandeji, mkubwa kama kabichi ya sokoni. Ukilinganisha tundu la jana na la leo huoni tofauti. Ukilinganisha la kwanza na la leo utadhani wameshona watu wawili, na mmoja wao ana ugomvi na sindano.

Sasa alikuwa amesikia kwamba Zinduni kuna Karakana ya Majoho, na joho hajawahi kulishona. Alitaka akajifunze kabla macho hayajachoka. Ndilo lililompeleka, hakuna jingine.

Mlangoni mwa nchi palikaa Afande Mkadamu, mkaguzi wa vidole. Hakuuliza jina wala mzigo.

"Mikono, mama."

Bi Sikudhani akanyoosha. Afande akamminya kidole kimoja kimoja kama anachagua maembe, alipofika cha kati cha mkono wa kulia akasita.

"Hii nini?"

"Sugu, mwanangu. Ndipo ninaposukumia sindano."

"Astaghfirullah," akasema Afande, akafungua daftari. "Umeipata wapi?"

"Haipatikani mahali. Inakuja yenyewe, ukirudia rudia."

Afande akatazama kushoto na kulia, kama mtu aliyesikia tusi mbele ya watoto. "Neno hilo usilitaje tena. Na hiyo alama kwenye paji la uso?"

"Hiyo ina Mwenyewe. Haikuhusu wewe, na mimi sina la kuieleza."

Afande akafikiri, akaona hapo pana mkubwa kuliko yeye, akakiacha kipaji. Kidole hakukiacha. Akaandika: *Mgeni ana sugu moja. Amepewa siku saba ilainike.* Akampa na kichupa cha mafuta ya nazi, bila malipo, kwa hisani ya nchi.

Alifikia kwa Bi Mashavu, mwanamke mnene mcheshi, aliyetambulishwa kwake kuwa Fundi Mzoefu Mkuu wa ile Karakana ya Majoho. Bi Sikudhani alishukuru moyoni: kumbe mwalimu na mwenyeji ni mtu mmoja! Sebuleni mle ukuta haukuonekana kwa vyeti vilivyotundikwa. *Kuamka Mapema. Kusoma Kurasa Mbili kwa Siku. Kutunza Zana za Kazi. Kusikiliza Kabla ya Kujibu.* Mwenye vyeti aliamka saa nne, akampokea mgeni kwa maneno mfululizo, hakungoja jibu hata moja.

"Karibu shoga, karibu, ulilala salama njiani, umeolewa, una watoto, mafuta ya nazi umepaka? Paka!"

"Dada Mashavu," akauliza Bi Sikudhani alipopata nafasi, "vyeti hivi vyote ni vyako?"

"Vyangu. Sitini na viwili. Huku mtu haanzi zoea kienyeji, shoga. Zoea linazinduliwa. Unaandika barua Idara ya Mazoea, unapangiwa siku, linakuja turubai, viti, mshereheshaji, fulana zenye maandishi. Mgeni Rasmi anakata utepe, watu wanapiga vigelegele, unapewa cheti. Basi, limekuwa."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nini?"

"Kesho yake unalifanya?"

Bi Mashavu akaziba mdomo kwa kanga. "Nilifanye tena? Limeshazinduliwa! Ukirudia ni kama unasema mkasi wa Mgeni Rasmi haukukata. Watu wamefungwa kwa hilo."

Na huyo Mgeni Rasmi, tuseme ukweli, ni mmoja tu nchi nzima. Amezaliwa hapo hapo na hajawahi kuwa mgeni popote. Lakini ndiye anayekata tepe zote, na foleni yake kwa wakati ule ilikuwa imefika miaka kumi na moja. Watoto waliozaliwa juzi waliandikiwa barua na wazazi wao, ili wakifika utu uzima wazinduliwe kuheshimu wakubwa.

"Wewe pumzisha kidole siku saba tu," Bi Mashavu akambembeleza. "Sugu ilainike, Afande aridhike, nikuingize Karakana. Siku saba nini, shoga? Hata homa huzidi hapo."

Lilikuwa neno la haki, na Bi Sikudhani alilipima. Alitaka joho kwa moyo wote. Alfajiri ya kwanza akaswali, akakaa juu ya mswala, mikono mapajani, akaitazama ile kabichi yake ya marikani. Akajiambia, miaka sita haifi kwa siku saba. Kisha akakumbuka kwamba mwaka wa pili alishikwa na malaria akaacha siku tatu, na ya nne ilimchukua wiki nzima kuipata. Si kwamba mkono ulisahau. Moyo ndio uliojifunza njia ya kukwepa. Akatunga uzi. Akashona tundu lake, dogo, limekaza, akakunja akaenda jikoni.

Alfajiri ya pili vilevile. Mpaka ya saba, ambapo Bi Mashavu, aliyewahi kuamka kwa ajili ya kiu, akamkuta na sindano mkononi. Akanywa maji yake akarudi kulala. Lakini mtu mwenye cheti cha Kutunza Siri huko Zinduni ameshaitunza tayari siku ya uzinduzi, haimlazimu tena. Kufika saa tatu asubuhi Afande alikuwa mlangoni.

Mahakamani walijaa. Ukanda wa marikani ulifunguliwa ukazungushwa ukumbini mara tatu, na watu wakawa wanaunyooshea vidole, vidole laini kama vya mtoto wa siku arobaini.

"Mheshimiwa Hakimu," akaanza Afande Mkadamu, "mshtakiwa ametenda kosa la kurudia. Amelitenda mara elfu mbili na zaidi, kielelezo ndicho hiki kimetuzunguka. Huyu si mkosaji wa kawaida. Huyu ni mkosaji sugu." Akaunyanyua mkono wa Bi Sikudhani juu. "Na sugu yenyewe hii hapa."

Ukumbi ukanung'unika kwa hofu. Mama mmoja akamfunika mwanawe macho.

Hakimu, mzee mkavu mwenye miwani isiyo na vioo, akakohoa. "Mshtakiwa, zoea lako lilizinduliwa lini?"

"Halikuzinduliwa, Mheshimiwa. Naomba nami niulize. Kwetu anayezinduliwa ni aliyezimia. Anapepewa, anamwagiwa maji usoni, anazinduka. Hiki changu hakijazimia. Sasa mtakizinduaje kitu kilicho macho?"

Hakimu akaagiza kamusi. Kamusi ikaletwa; ilikuwa na utepe wake bado, imezinduliwa enzi za babu yake Hakimu, na kurasa zilikuwa zimegandana, haifunguki. Wakaiheshimu wakairudisha kabatini.

"Na kula je?" Bi Sikudhani akaongeza, kwa adabu. "Mnakula kila siku. Si kurudia?"

"Kula kulizinduliwa zamani sana," Hakimu akajibu kwa uchungu. "Watu wakakaidi. Tusiingie huko."

Wazee wa baraza wakanong'onezana kwa muda mrefu. Mmoja akasimama akasema mama wa kigeni kweli ana hoja ya lugha, kilicho macho hakizinduliki. Kwa hiyo dawa ni nyepesi: kwanza kizimishwe, kisha kizinduliwe kisheria. Ukumbi ukapiga makofi. Mtu alisikika akisema hii ndiyo faida ya kuwa na wazee.

Hakimu akagonga meza. "Bi Sikudhani binti Mbwego, mahakama inakupa kifungo cha miaka mitatu, ili zoea lako lizimie vizuri. Sindano yako itakaa kwa karani wa vielelezo. Usipomaliza kifungo huipati. Ukikaidi, huipati maisha."

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipoona dunia imemgeuka. Kufungwa hakukumtisha, kuta ni kuta, na kuswali mtu anaswali popote. Ila miaka mitatu bila sindano, kwa mtu wa umri wake, macho yake haya! Angetoka mle akiwa wa kutungiwa uzi na wajukuu. Akainamisha kichwa, akasoma alichosoma, midomo ikicheza tu.

Karani wa mahakama, kijibwana chenye kalamu sikioni, akamgusa Hakimu bega. "Samahani, Mheshimiwa. Kifungo nacho ni jambo la kila siku. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, anarudia. Hakiwezi kuanza bila kuzinduliwa."

"Kizinduliwe, basi."

"Foleni ni miaka kumi na moja, Mheshimiwa. Ila leo alasiri kuna nafasi. Yule bwana aliyepangiwa kuzindua Kuwahi Kazini amechelewa."

Alasiri turubai likasimamishwa mbele ya jela. Viti vya plastiki, maji ya chupa, spika zinapiga mluzi. Wakamvalisha Bi Sikudhani fulana juu ya baibui, imeandikwa KIFUNGO: NAWEZA! Tepe zilikuwa zimekwisha nchi nzima kwa wingi wa sherehe, kwa hiyo wakautandaza ule ukanda wake wa marikani mlangoni mwa jela. Mgeni Rasmi akafika kwa kuchelewa kunakostahili, amevaa joho zito, anajikuna ubavu. Akasema kifungo ni safari, na kwamba yeye binafsi amefurahishwa sana na kifungo cha mama huyu, na akawaasa vijana waige.

Kisha akapewa mkasi. Mkasi ulikuwa butu, maana Kunoa kulizinduliwa mwaka juzi. Akabana, ukateleza. Akabana tena pale penye tundu, uzi ukakaza, mkasi ukauma marikani ukang'ang'ania. Bi Sikudhani alisimama pembeni akitazama. Lile lilikuwa tundu la mwaka wa tano, na alilijua. Baada ya dakika kadhaa mshereheshaji akafungua fundo upande mmoja, ukanda ukaanguka chini, akapiga kelele, "Umekatika!" Vigelegele.

Bi Sikudhani akaokota ukanda wake, akauviringisha, akaanza kuingia jela.

"We mama, unakwenda wapi?" Afande Mkadamu akamzuia.

"Kifungoni."

"Kifungo gani tena? Si kimeshazinduliwa? Unataka kurudia?" Akamkabidhi cheti chenye muhuri mwekundu, *Mhitimu wa Kifungo*, na kidogo amcheke kwa ushamba.

Yeye hakubishana na sheria ya watu. Alikwenda moja kwa moja kwa karani wa vielelezo akaweka cheti mezani. Karani akasoma, akafungua mtoto wa meza, akatoa sindano. Bi Sikudhani akaichomeka kwenye ukosi wa baibui.

Asubuhi yake akaenda Karakana. Bawabu akashika cheti, akakisoma mara mbili, akapiga ukelele wa furaha.

"Kifungo! Wallahi tumetafuta miaka yote mtu wa vifungo! Ingia, mama, ingia!"

Bi Sikudhani ni mtu wa kweli, asingesema uongo. Lakini hakuulizwa kitu, na mtu asiyeulizwa hana la kujibu. Akaingia.

Ndani palikuwa na vyerehani kumi na vinane, vyote vimefunikwa nailoni, kila kimoja na utepe wake. Mafundi kumi na wanane wamekaa wamekunja mikono. Majoho yalining'inia ukutani, na alipoyasogelea akaona si majoho. Ni vitambaa vilivyobanwa kwa pini, mgongoni pini, begani pini, kifuani pini mstari mzima. Akaelewa kwa nini Mgeni Rasmi hujikuna.

Bi Mashavu alikuwa kwenye kiti cha fundi mkuu, anamwangalia kwa aibu ya ile habari ya Afande.

"Dada Mashavu," akasema Bi Sikudhani, "nimekuja unifundishe joho."

Bi Mashavu akatazama chini. Wale wengine wakatazama dari.

"Nikufundishe nini, shoga," akasema polepole. "Mimi nilizinduliwa tu. Nilikuwa na miaka ishirini. Kesho yake nikaja na kitambaa changu nianze, nikaambiwa nishamaliza. Sijawahi hata kutunga uzi." Akajifuta pua. "Sasa nicheke."

Bi Sikudhani hakucheka, ingawa safari yote ile ilikuwa kwa ajili ya mwalimu asiyekuwepo. Aliuliza kama pana joho lolote la kabla ya sheria. Lilikuwepo moja, chini kabisa ya sanduku, la fundi ambaye hata jina lake halikujulikana. Akalitandika mezani. Vifungo thelathini na vitatu, kama tasbihi, na matundu yake! Alisema subhanallah akakaa chini.

Basi huyo marehemu ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Kila siku alifumua shibiri moja ya mshono, akatazama uzi ulivyopita, akaushona tena kama ulivyokuwa. Siku nzima shibiri moja. Jioni analikunja. Baada ya mwezi aligundua kwamba marehemu alianzia mkono wa kushoto, maana pale palikuwa na makosa. Kufika mkono wa kulia makosa yalikuwa yamepungua, na kola haikuwa na kosa hata moja. Akamwombea rehema. Alipomaliza kulifumua lote na kulirudisha, akakata joho lake mwenyewe.

Wiki ya kwanza Bi Mashavu alikuwa akipita tu. Ya pili akavuta kiti. Ya tatu akasema, "Hebu hiyo sindano." Tundu lake la kwanza lilitoka kama shimo la panya, akalitazama kwa furaha ambayo vyeti sitini na viwili havikuwahi kumpa. Kesho yake akaja tena, kabla ya saa mbili, na sugu ilipoanza kuota kidoleni akaipaka hina ionekane pambo.

Afande Mkadamu hakuwa mjinga kiasi hicho. Aliingia siku moja na daftari.

"Hapa panarudiwa."

"Harudii mtu ambaye hajamaliza, Afande," akajibu Bi Sikudhani bila kuinua macho. "Joho ni moja. Tupo njiani nalo."

Afande akapekua sheria zake, akakuta kweli: kurudia ni kurudia kilichokwisha. Akafunga daftari. "Likiisha mtaniambia. Tutalizindua, na ninyi mtapumzika kabisa."

Neno hilo la kupumzika kabisa Bi Sikudhani hakulisahau. Joho lilimchukua mwaka na miezi minane. Alipoona limekaribia, usiku hakulala vizuri. Likizinduliwa, yeye ni mzoefu wa majoho, sindano yake inafungwa utepe, na Bi Mashavu anarudi kukunja mikono.

Siku ikafika, foleni ikarukwa kwa kuwa joho lenyewe ni la Mgeni Rasmi. Turubai, spika, fulana. Mgeni Rasmi akavaa joho jipya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima akasimama bila kujikuna. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Macho yakamlenga machozi.

"Limeisha?" akauliza mshereheshaji, mkasi mkononi.

Bi Sikudhani akasogea, akapitisha kidole mstarini, kifungo kwa kifungo, mpaka juu kabisa shingoni. Hapo palikuwa na kifungo, na mbele yake kitambaa kitupu. Akatoa pini akambana.

"Bado tundu moja, Mheshimiwa."

Mshereheshaji akamtazama Hakimu, Hakimu akamtazama Afande. Hakuna uzinduzi wa kitu kisichokwisha. Mgeni Rasmi mwenyewe alisema joho halivuliwi, atalivaa hivyo hivyo. Wakakunja turubai. Kesho yake kwenye meza ya Karakana palikuwa na kitambaa kingine, na Hakimu ndiye aliyeagiza joho.

Leo hii wakubwa wa Zinduni wanatembea na majoho yaliyokaa vizuri, kila mmoja na pini moja shingoni, na imekuwa ndiyo heshima yenyewe. Asiye na pini anaonekana mshamba. Karakana wapo saba wenye hina kidoleni. Na juzi, wakiwa wanakata uzi, Bi Mashavu akauliza, "Hivi shoga, lile tundu moja utalishona lini?"

Bi Sikudhani akang'ata uzi, akatema kipande.

"Lile ni la kuzindua, dada. Haya mengine ndiyo ya kushona."